Ombi Lililozingatiwa Si Ombi Lililokubaliwa

Tuseme mzee mmoja ameiandikia barua kampuni inayodai shamba analolima, akiomba asiondolewe kabla ya mavuno. Baada ya wiki tatu jibu linakuja, limeandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wake aliyemaliza kidato cha nne analisoma mara mbili, kisha anasema: “Babu, wamesema ombi lako watalizingatia.” Mzee anashusha pumzi. Jioni anawaambia jirani zake kwamba mambo yamekwisha vizuri.

Mjukuu hakudanganya. Barua ilisema “your request will be taken into consideration”, na neno la kwanza linalomjia Mswahili yeyote mbele ya maneno hayo ni kuzingatia. Wala mzee hakusikia vibaya. Maisha yake yote amesikia madereva wakiambiwa wazingatie alama za barabarani, na hakuna aliyedhani kwamba dereva ameruhusiwa kuzitazama kisha ajiamulie; ameambiwa azifuate. Mgonjwa anayeambiwa azingatie dozi humeza vidonge kwa saa zilizoandikwa. Basi ombi lililozingatiwa, kwa sikio la mzee, ni ombi lililokubaliwa, au lililokaribia sana kukubaliwa. Barua haikusema hivyo. Ilisema tu kwamba siku ya kuamua, ombi lake litakuwa mezani pamoja na mengine.

Usemi huu ni wa kila siku katika Kiingereza. Umo katika barua za benki, hukumu za mahakama, mikataba ya kimataifa na ripoti za shule. Unakuja kwa sura mbili ambazo Waingereza wenyewe huzibadilishana bila kusita: “take into account” na “take into consideration”. Ya kwanza imetoka kwenye daftari la hesabu. Ya pili, kwa maelezo ya kale, imetoka kwenye nyota. Naanza na picha hizo kwa sababu zinaonyesha usemi ulikuwa na nguvu gani kabla haujachakaa kwa kutumiwa na kila ofisi.

Neno “account” liliingia Kiingereza kwa njia ya Kifaransa cha kale, na mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini computare, yaani kuhesabu. Mzizi huohuo ndio uliozaa kompyuta. Kwa hiyo akaunti na kompyuta, maneno mawili ambayo kwetu yamekuwa ya benki na ya mezani, ni ndugu wa tumbo moja. Mfanyabiashara aliyeingiza kitu katika “account” alikiandika daftarini: gunia lililooza njiani, deni la jirani, ushuru wa forodha. Kikishaandikwa, jumla inabadilika. Haiwezekani kuandika deni la shilingi kumi kisha jumla ya chini ikabaki kama ilivyokuwa. Nguvu yote ya usemi ilikuwa hapo: kukichukua kitu kilichokuwa nje ya hesabu, kukitia ndani, na kuikubali jumla mpya hata kama haikupendezi.

Ndiyo maana tafsiri ya neno kwa neno huugeuza usemi huu kichwa chini. Mtu akiandika “kuchukua katika akaunti”, msomaji wa Kiswahili anamwona mtu aliyesimama dirishani benki akitoa pesa. Kiingereza kinaingiza, sisi tunasikia kinatoa. Na hata tukirekebisha kihusishi, neno akaunti kwetu halina tena harufu ya daftari la mahesabu; limebaki kuwa la benki, la simu na la mitandao. Tunalo neno jingine lenye harufu hiyo, nalo ni hesabu, tulilolipata kwa Waarabu. Tunasema mtu atatoa hesabu ya matendo yake, tunasema Siku ya Hesabu, tunasema “huyo usimhesabu” tukiwa na maana kwamba asitegemewe. Katika neno hesabu bado mna daftari, na mna mtu anayelisoma.

Picha ya nyota ni ya mbali zaidi. “Consideration” linatokana na Kilatini considerare, kutazama kwa makini, na maelezo ya tangu enzi za Warumi hulifungamanisha na sidus, nyota au kundi la nyota. Wapo wataalamu wanaoyatilia shaka maelezo hayo, lakini picha yenyewe haimpi taabu mtu wa pwani. Nahodha wa jahazi aliitazama nyota kabla ya kukata shauri, na mkulima alikitazama Kilimia, nyota ambazo hata jina lake limetokana na kulima, ajue kama wakati wa shamba umefika. Nyota inatazamwa, inasomwa, kisha mtazamaji anaamua. Haimburuti mtu. Nahodha anaweza kuona dalili ya hatari akang'oa nanga vilevile, na hakuna atakayesema kwamba hakutazama.

Tofauti ya daftari na nyota ndiyo iliyojificha ndani ya usemi huu mpaka leo. Anayesema kwamba amelitia jambo katika hesabu, je, amekiri kwamba jumla imebadilika, au amesema tu kwamba aliinua macho akaliona? Waingereza wengi hawajiulizi. Mahakama zimelazimika kujiuliza, na majibu yao yanafundisha kuliko kamusi.

Mwaka 1947, huko Wednesbury katika Uingereza ya kati, halmashauri ya mji ilikuwa imeiruhusu kampuni ya sinema kufungua ukumbi wake siku za Jumapili, kwa sharti kwamba watoto wa chini ya miaka 15 wasiingie, hata wakiwa na wazazi wao. Kampuni ikaenda mahakamani kulalamika, ikashindwa. Hukumu ya Lord Greene ikawa mojawapo ya hukumu zinazotajwa sana katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza. Alieleza kwamba jaji hakai kwenye kiti cha diwani na kuamua upya. Anachouliza ni kama kuna kilichoachwa nje ilhali kilipaswa kuingizwa, au kilichoingizwa ilhali hakikupaswa, au kama uamuzi wenyewe ni wa ajabu kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeufikia. Akakumbusha mfano uliotolewa katika hukumu ya awali: mwalimu anayefukuzwa kazi kwa sababu nywele zake ni nyekundu. Rangi ya nywele haina nafasi katika daftari la shule, na aliyeiandika humo ameliharibu daftari lote. Mawazo hayo yamo katika sheria zetu pia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 kuhusu haki katika hatua za kiutawala, katika kifungu cha 7, inamruhusu mwananchi kuupinga uamuzi wa ofisa aliyeshindwa kuyaingiza katika fikra zake mambo yaliyohusika.

Lakini kuingiza kwa uzito gani? Hapo Waingereza walijibu mwaka 1995 kwa namna ambayo ingemshtua yule mzee wetu. Kampuni ya Tesco ilitaka kujenga duka kubwa katika mji wa Witney, Oxfordshire, na ikaahidi kugharamia barabara mpya, pauni milioni 6.6. Waziri hakuipa ahadi hiyo uzito wa maana, na Tesco hawakupewa kibali. Tesco wakadai kwamba ahadi yao haikuzingatiwa. Shauri likafika katika Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa, nalo likawakatalia. Lord Hoffmann alitenganisha maswali mawili. Kama jambo linastahili kutazamwa, hilo ni swali la sheria. Lipewe uzito kiasi gani, hilo ni la mwamuzi, ambaye anaweza kulipa uzito mkubwa, mdogo, au asilipe uzito wowote, ilimradi asivuke mpaka wa akili timamu. Asilipe uzito wowote! Kwa maana hiyo jambo linaweza kuingizwa katika hesabu, kihalali kabisa, likiwa na thamani ya sifuri. Hiyo ndiyo nyota: imetazamwa, na jahazi limekwenda lilikokuwa likienda.

Sasa tuvuke bahari tuje Nairobi. Kifungu cha 333 cha sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai kinaitaka mahakama, inapompa mtu kifungo, itie katika hesabu muda ambao mtu huyo alikwisha kukaa mahabusu akisubiri kesi yake. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilikutana na uamuzi ambao jaji wake alitamka kwamba ameutia muda huo katika hesabu, halafu akaagiza kifungo kianze kuhesabiwa tangu siku ya hukumu. Shauri lenyewe lilikuwa na mengi mengine ambayo siyagusi hapa. Kuhusu hoja hii majaji wa rufaa walisema wazi kwamba kutamka hakutoshi. Kuutia muda katika hesabu maana yake ni kifungo kupungua kwa kadiri ya muda huo, na anayetamka kwamba ameuhesabu kisha asipunguze hata siku moja, ameupuuza kabisa.

Naipenda hukumu hii kwa sababu imelirudisha neno kwenye daftari lilikozaliwa. Siku za mahabusu zinahesabika. Mtu aliyelala rumande miaka minne amelala usiku zaidi ya elfu moja na mia nne, na maneno ya heshima hayawezi kumlipa hata usiku mmoja kama tarakimu ya mwisho haikuguswa. Nikiiweka kando ya ile ya Witney naona kwamba mahakama hizi mbili hazikugombana. Zilikuwa na vitu vya aina mbili mikononi. Barabara iliyoahidiwa ni jambo la kupimwa kwa busara, nalo linaweza kupimwa likaonekana jepesi. Siku za kifungo ni namba, na namba ikiingia katika hesabu haiwezi kukosa kuibadilisha jumla. Usemi ni uleule, maneno ni yaleyale, lakini wajibu unatofautiana kwa kadiri ya kile kinachoingizwa.

Na sisi? Kwetu kazi hii yote imebebeshwa kitenzi kimoja, kuzingatia, na kimechoka. Ni kitenzi kizuri sana. Kuzinga ni kuzunguka, kuzingira ni kuzunguka pande zote, na kile kipande cha -at- tunakisikia katika kumpakata mtoto, kufumbata sarafu, kuambata, kukumbatia: vitenzi vya vitu vinavyoshikana. Mimi naielewa kuzingatia kama kulizunguka jambo kwa akili mpaka ukalishika. Na aliyelishika hakuliachia, ndiyo maana neno limetambaa kutoka kwenye kufikiri hadi kwenye kutii. “Zingatia maelekezo” kwenye karatasi ya mtihani ni amri. Kwa hiyo neno hili lina nguvu mbili: mbele ya kanuni linasema fuata, mbele ya hali au ombi linasema tazama.

Madhara yake yanaonekana katika nyaraka. Waraka wa Kiingereza unaposema ofisa atautia mwongozo fulani katika “account”, mwanasheria anaelewa kwamba ofisa lazima ausome na kuupima, lakini anaweza kutoufuata akiwa na sababu. Tafsiri inasema ofisa “atazingatia mwongozo”, na kila Mswahili anaelewa kwamba ataufuata. Wajibu umeongezwa na mfasiri bila mtu yeyote kuupitisha. Upande wa pili, sheria inaposema mahakama itaingiza siku za mahabusu katika hesabu, tafsiri inasema “itazingatia muda”, na wajibu ambao majaji waliusimamia kwa nguvu unalegea ukawa kama adabu tu. Kitenzi kilekile kimeongeza pale na kupunguza hapa.

Kuna mfano unaonikera zaidi kwa sababu unahusu watoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 3, unasema maslahi bora ya mtoto yatakuwa “a primary consideration”. Mwaka uliofuata Waafrika waliandika mkataba wao, na katika ibara ya 4 wakasema “the primary consideration”. Herufi chache tu. Katika ule wa kwanza maslahi ya mtoto ni mojawapo ya mambo ya mbele, na mengine yanaweza kusimama kando yake. Katika huu wa Afrika ndiyo yanayotangulia yote. Kiswahili hakina vijineno hivyo viwili, na mfasiri asiyetulia ataandika “jambo la kwanza la kuzingatiwa” kwa mikataba yote miwili, na hatua ambayo Afrika ilipiga itafutika kimyakimya. Si kwa sababu lugha imeshindwa. Tunayo “mojawapo”, na tunayo ile ndi- yetu ambayo haiachi nafasi ya mshindani. Kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa ningeandika kwamba maslahi ya mtoto yatakuwa mojawapo ya mambo yatakayotangulizwa. Kwa mkataba wa Afrika ningeandika kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulia.

Wenye kujifunza Kiingereza wanahitaji kanuni chache tu, na sitakawia. Kinachoingizwa kikiwa kifupi hukaa katikati: “take his age into account”. Kikiwa kirefu husukumwa nyuma: “take into account the fact that he was ill”. Ipo pia “take account of”, na hapo “into” huondoka. Anayeandika “take in account” amekosea. Waafrika wengi husema “put into consideration”, na mwalimu wa Kiingereza sanifu atalipigia mstari mwekundu. Mimi nalisikiliza kwa hamu. Sisi hutia maanani, huweka maanani, huweka akilini. Vitenzi vyetu ni vya kutia na kuweka. Nadhani mtu wa Mombasa au Morogoro anayesema “put” anafikiri kwa mkono wa kwao, ingawa siwezi kukipa Kiswahili sifa yote, maana usemi huohuo unasikika Lagos na Accra.

Tukitaka kukipumzisha kitenzi kuzingatia, hatuhitaji kuunda msamiati. Penye namba tuna kuhesabu, na tunaweza kusema wazi kwamba muda utahesabiwa na kupunguzwa. Penye mambo ya kulinganisha tuna kupima na kupa uzito. Ibara ya 12 ya mkataba wa watoto, inayotaka maoni ya mtoto yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake, haipati taabu yoyote kwa Kiswahili kwa sababu mizani tunaijua. Penye mwongozo usiofunga tuna kuusoma na kuurejea kabla ya kuamua. Kutia maanani kunafaa mahali pa mazungumzo, na nguvu yake kubwa iko katika kukanusha: “hakunitia maanani” linauma kuliko barua yoyote.

Na tuna kufikiria, ambalo ndilo linalonigusa kuliko yote. Nenda sokoni usikilize. Mnunuzi ameshika fungu la nyanya, bei haijamwelea, anasema: “Mama, nifikirie basi.” Hamwombi muuzaji amwaze. Anamwomba bei ishuke. Muuzaji naye anajibu: “Nimeshakufikiria, mwanangu, hapo sina faida,” maana yake amekwisha kupunguza. Kumfikiria mtu, kwa lugha ya genge, ni kitendo kinachoonekana katika shilingi. Muuzaji atakayesema nimekufikiria huku bei ikiwa ileile aliyoanza nayo, atachekwa na foleni nzima. Kile ambacho majaji wa Nairobi walikieleza kwa aya ndefu za kisheria, wauza nyanya wanakisimamia kila asubuhi bila kukiandika popote.

Kiingereza nacho kinajua kwamba anayewafikiria wengine ni mtu mwema. Humwita “considerate”, na neno hilo halijapoteza joto lake. Lililopoa ni la ofisini. Limepoa kwa sababu ofisi imegundua kwamba linaweza kuandikwa bila gharama: haliahidi, halikatai, na anayelipokea hana pa kulishika. Kuandika kwamba ombi limetazamwa likakataliwa kunahitaji sababu. Kuandika kwamba litatiwa katika “consideration” kunahitaji muhuri tu.

Ningekuwa kando ya yule kijana siku barua ilipofika, nisingemwambia kwamba tafsiri yake ni mbaya. Ningemwomba aisome tena na kutafuta kama kuna tarehe, kuna jina la atakayeamua, kuna jambo lolote ambalo limeguswa na barua ya babu yake. Hakuna. Basi amwambie hivi: “Babu, wamesema wameipata barua yako na wataitazama. Kwamba utavuna, hawajasema.” Mzee atanyamaza kidogo, kisha atamtuma akachukue kalamu.